Meza ya matunzo: niliyojifunza nikiwa "ustawi"

"Nitakupeleka ustawi!" Maneno hayo utayasikia kwenye nyumba za kupanga, gengeni, na kwenye meseji zinazotumwa usiku wa manane. Mwanamke akishayatamka, wapo wanaume wanaocheka na wapo wanaoanza kutafuta nauli ya kuhamia mkoa mwingine. Ustawi wenyewe ndiyo sisi. Nimefanya kazi ya afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri kwa miaka mingi, zaidi mkoa wa Morogoro, upande wa mpunga na miwa. Nikitaja kazi yangu harusini au msibani, watu hudhani nashinda na yatima na wazee wasiojiweza. Hao wapo, nitawafikia. Ila mlango ukifunguliwa asubuhi, anayeingia kwanza mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni: baba yake hatoi matumizi, nifanyeje?

Ofisini tunaita shauri la matunzo. Halitangazwi sana na halipigwi picha, lakini ndilo linalojaza makabati yetu. Na kama kuna kitu kimoja ambacho meza hiyo imenifundisha, ni kwamba kiasi kidogo chenye tarehe humlisha mtoto kuliko kiasi kikubwa chenye ahadi. Nikisema hivi mbele ya wanaharakati wananikunjia uso. Naelewa kwa nini. Lakini wao hawakai na faili mpaka mwezi wa tisa.

Nilipoanza kazi, wakubwa zangu walikuwa bado wakisimulia habari za shilingi mia. Sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo: baba asiamriwe kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Ilipoandikwa, mia ilikuwa hela. Miaka ikaenda, bei zikapanda, mia ikabaki mia, hadi ikawa mama akishinda kesi anapata hela isiyotosha hata kumpikia uji huyo mtoto aliyeshindaniwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoiondoa. Sasa hakuna kiwango kilichotajwa. Mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea anayedaiwa, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Hayo maneno "wazazi wote wawili" baba akisomewa hukaa vizuri kwenye kiti, mpaka nimweleze kwamba kumpikia mtoto, kumfulia na kulala naye wodini pia ni kutoa, na kwamba mwenzake keshatoa sehemu yake tangu siku alipojifungua.

Utaratibu wenyewe hauna mambo mengi. Mama anasikilizwa peke yake kwanza. Naandika wito, unapitia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa hadi kwa baba. Wito wa kwanza wengi hawaji. Wanatuma mdogo wao aje kuchungulia kuna nini. Akija, tunakaa watatu, kila mmoja na shahidi wake kama anataka. Tukikubaliana tunaandika hati, wote wanasaini, nagonga muhuri. Asipokuja kabisa, au akija akagoma, faili linakwenda Mahakama ya Watoto pamoja na taarifa yangu ya uchunguzi: anaishi wapi, anafanya kazi gani, mtoto yuko katika hali gani. Hakimu akishaamuru, sasa ni amri, na kuipuuza ni jambo lingine.

Mashauri mengi huishia mezani. Na hapo mezani ndipo nilipoanza kuogopa wanaume wakarimu.

Alikuja bwana mmoja wa bodaboda, kijana nadhifu, kafuatana na kaka yake. Mama wa mtoto alikuja na shangazi. Sijamaliza hata salamu, bwana kasema: "Afisa, andika laki moja kila mwezi. Mimi damu yangu siwezi kuitupa." Shangazi akaitikia kwa furaha. Nikamuuliza pikipiki ni ya nani. Ya tajiri. Hesabu ya tajiri kwa siku? Elfu kumi. Mafuta? Hapo akaanza kutazama dirishani. Nikachukua bahasha kuukuu, nikaandika nyuma yake: hesabu, mafuta, sahani ya mchana, kodi ya chumba, na siku ambazo pikipiki iko kwa fundi, maana hizo hakuna anayezitaja. Tulipomaliza kutoa, laki haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Tukaandika elfu kumi na mbili kila Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mnada na yeye hupata abiria wengi. Kaka mtu akasema namdhalilisha ndugu yake. Mama akanuna, akaniambia nimependelea wanaume. Shangazi hakuniaga.

Elfu kumi na mbili ziliingia Jumamosi ile, na iliyofuata, na kuendelea. Zilikwama pikipiki ilipokamatwa, akapiga simu mwenyewe kuja kueleza. Mama yule alipita baadaye ofisini kwa jambo jingine kabisa, akasema sasa dukani kwa Mangi anachukua sukari na mafuta ya kula katikati ya wiki bila kuombwa dhamana, maana Mangi naye anajua Jumamosi kuna nini. Zile laki nilizowahi kuona zikiandikwa kwenye hati za watu wa vipato vya aina hiyo hutolewa mara moja, ya pili nusu, ya tatu namba haipatikani. Mtu akishashindwa ahadi kubwa anaona aibu hata kuleta ndogo aliyonayo. Anajificha, na mtoto anakosa vyote viwili.

Tarehe nayo inataka akili. "Mwisho wa mwezi" ni siku ya watu wenye mishahara. Mkata miwa ana msimu; nje ya msimu ukimbana unapoteza muda. Mkulima wa mpunga mwezi wa pili hana kitu, anadaiwa yeye mwenyewe. Kwa hao tunaandika magunia. Hati inasema magunia mawili ya mpunga yafike nyumbani kwa mama wa mtoto baada ya mavuno, siyo "atapewa akija", kwa sababu akija ataambiwa hayajakobolewa. Nauli ya kuyasafirisha anailipa nani? Nayo tunaiandika.

Zamani baba alileta fedha ofisini, mama akaja kusaini kwenye daftari na kuchukua. Fedha taslimu kwenye droo ya serikali ni matatizo yanayosubiri wakati wake, na mama wa kijijini alikuwa akila nauli kubwa kufuata matumizi. Siku hizi simu imetuokoa. Meseji ya muamala ndiyo risiti. Ila nayo ina ujanja wake. Baba anatuma kamili bila ya kutolea, mama akifika kwa wakala anapungukiwa, ugomvi unaanza upya. Kwa hiyo hati zangu zote zina maneno "pamoja na ya kutolea", na mwaka 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu tulikaa tena na watu wengi kugawana ile tofauti, mia mia. Kingine: laini iwe kwa jina la mama mwenyewe. Ikiwa ya kaka yake au ya jirani, fedha itafika na haitafika. Na meseji zisifutwe. Mama anayekuja kulalamika na simu yenye meseji zote, shauri lake nalimaliza siku hiyohiyo. Anayekuja na machozi peke yake namwonea huruma, lakini baba naye atakuja na lake: "Nilikuwa nampa mkononi." Unaandika nini hapo?

Halafu kuna hoja ya shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, akina baba wamepata wimbo: "Si shule ni bure?" Ada imeondoka kweli, na ni msaada mkubwa, mimi mwenyewe nilikuwa nikihangaika na watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili yake. Lakini sare haikuondoka, wala viatu, daftari, na mchango wa uji au makande ya mchana ambao wazazi hukubaliana kwenye mkutano wa shule. Nimejifunza kuandika hivyo vitu kwa majina yake. Baba anayekataa kutoa "fedha za matumizi", kwa sababu anaamini mama atanunulia vitenge, hukubali haraka kununua viatu vya shule Januari na Julai. Hali kadhalika matibabu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mara kadhaa nimemwomba baba alipie kaya anayoishi mtoto wake. Wengine wanagoma kwa sababu kadi itamhudumia na mwenzake wa zamani. Wivu una gharama, wacha nisiendelee.

"Mtoto si wangu." Hili nalo ni la kila siku. Watu wanadhani jibu ni vinasaba tu, lakini sheria inatambua ushahidi mwingine: jina kwenye cheti cha kuzaliwa, mila zilizofanywa na upande wa baba, kumkiri mtoto mbele za watu. Bwana mmoja alikana kwa kiapo, shemeji mtu akatoa simu kimyakimya akatuonyesha picha ya yule bwana kambeba mtoto siku ya arobaini, na maneno yake mwenyewe chini: "Jembe langu." Tukaendelea na hesabu. Pale ambapo kweli panahitajika kipimo, kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huwezi kujiendea tu kama unavyokwenda kupima malaria. Maombi yanapitia kwa wanaoruhusiwa, ikiwemo mahakama, mawakili na sisi ustawi. Nikishaeleza utaratibu na gharama, wengi huomba muda wa kufikiri, kisha hurudi wakiwa wamekwisha kukubali. Wachache huenda hadi mwisho, na yapo majibu yaliyotoka si wake. Namkumbuka mmoja aliyekuwa kalea miaka, kapokea karatasi, kakaa kimya, akauliza kama kuna fomu ya kuendelea. Fomu ya hilo sikuwa nayo. Aliendelea bila fomu.

Ndiyo maana nashikilia sana cheti cha kuzaliwa. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ilianza Mbeya mwaka 2013 mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mpango ukaenea mikoani. Namwambia kila mama: andikisha wakati bado mnapendana.

Sasa kuna mambo ambayo meza yangu haiyapokei. Wanakuja wazee wa pande mbili, wamevaa vizuri, wamefuatana na kiongozi wa kitongoji. Wana makubaliano tayari, kilichobaki ni muhuri: upande wa kijana aliyempa binti mimba utatoa matunzo, upande wa binti hautakwenda mbele. Nauliza binti ana umri gani. Wanaangaliana. "Amekua tu, afisa." Naomba nimwone binti mwenyewe, nakuta ni wa darasa la saba au kidato cha kwanza. Wanachoomba hapo ni kwamba karatasi ya serikali ifunike kosa la jinai. Mtoto chini ya miaka 18 hakuna makubaliano juu yake, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Naongozana na binti hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anakwenda hospitali. Wazee wananiita mvunja familia. Mama mzazi wa binti mmoja alinifuata nyuma ya jengo akanishika mkono, akasema alikuwa hana wa kumsemea, maana shemeji zake walikwisha pokea ng'ombe.

Kumpeleka polisi mtuhumiwa hakumalizi kazi. Binti atajifungua, mtoto atataka maziwa, na yeye atataka shule. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule za kawaida baada ya kujifungua, lakini ruhusa haimbebi mtoto asubuhi. Anayembeba ni bibi. Kwa hiyo kwenye faili la binti wa namna hiyo ukurasa ninaoujaza kwa makini ni wa bibi: ana nguvu gani, anakula nini, nyumba inavuja wapi.

Na hapo ndipo ninapokutana na ile tarehe tena, kwa njia nyingine. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ipo tangu mwaka 2000, lakini Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa 2012, na ndio uliobadilisha kazi yetu vijijini. Kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, majina yanasomwa watu wakisikia, halafu wawezeshaji wanajaza dodoso. Malipo yalipangwa kuwa kila baada ya miezi miwili, na kaya yenye watoto ilitakiwa iwapeleke kliniki na shule. Wapo wanaobeza kwamba ni fedha za chumvi. Mimi niliingia dukani kijijini kununua maji nikaona daftari la mikopo limefunguliwa juu ya meza ya mbao, ukurasa mzima umeandikwa TASAF juu, chini yake majina ya bibi za pale: unga kilo tano, sabuni kipande, daftari mbili. Nikamuuliza mwenye duka kama haogopi. Akacheka. "Hawa ndio wateja wangu wa uhakika, dada. Mwalimu ananitoroka, hawa hawatoroki." Bibi asiyekuwa na shamba wala ng'ombe alikuwa amepata jina dukani, kwa kiasi ambacho mtu wa mjini anakitumia kwa chakula cha siku moja hotelini.

Sitaki kupamba. Kwenye kata nyingi nilizopita hapakuwa na afisa ustawi, mmoja anahudumia kata kadhaa kwa pikipiki ya kuomba mafuta. Kesi nyingi hazinifikii, nazisikia zikiwa zimeharibika. Namba 116, ya kutoa taarifa za mtoto aliye hatarini, ni ya bure na inafanya kazi, ila mpiga simu akimaliza kueleza, anayetakiwa kwenda kugonga mlango bado ni mtu mwenye miguu. Na baba akihamia Geita kuchimba dhahabu, hati yangu haimfuati. Nampigia mwenzangu wa kule, tunajuana kwa sauti tu, anamtafuta mchimbaji kwa jina la utani. Mara nyingine anampata.

Mwaka jana alikuja mzee, kofia ya kiua, fimbo, viatu vya plastiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimekuja kudai matunzo." Nikadhani kamleta mjukuu. Hapana. Alikuwa anadai kwa wanawe. Wapo wanne, wawili mjini, mmoja fundi seremala hapahapa, mmoja yuko Dar anauza nguo. Kila mmoja akipigiwa simu anasema "nitatuma, baba". Alikuwa na orodha ya tarehe za hizo simu, mjukuu kamwandikia kwa penseli. Matibabu alikuwa anapata, ana zaidi ya miaka 60 na kitambulisho cha msamaha, hospitalini anapitia dirisha la wazee. Alichokosa ni chakula na mtu wa kumchotea maji. Nilimweleza kuhusu makazi ya wazee ya serikali. Akaniuliza kama nimechoka kumsikiliza.

Kwa watoto wadogo nina sheria ya kuinua mezani. Kwa wana wazima wanaomtelekeza baba yao nina simu na ile karatasi ya hati tu, lakini karatasi ni karatasi. Nikawapigia mmoja mmoja, nikiwataja kwa majina kamili, "hapa ni ofisi ya ustawi wa jamii", na nikawauliza swali lilelile la bodaboda: unapata nini, lini? Seremala hana fedha za uhakika, ana watoto wakubwa. Ndoo mbili za maji kila asubuhi zikaandikwa kwake. Wa mjini wawili wakagawana tarehe tano na tarehe ishirini, elfu kumi na tano kila mmoja, pamoja na ya kutolea, kwenye laini ya mzee mwenyewe aliyosajili kwa kitambulisho chake. Wa Dar alisema yeye atatuma laki moja mwisho wa mwezi. Nikamwambia aanze na elfu ishirini, akakata simu. Faili lake bado liko juu ya meza.